Fundi wa udi alivyoinyoa besi yangu fret zote, Mombasa ya miaka ya tisini

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa nyuzi nne, wa nyuzi tano, na nyinyi wa sita ambao mpaka leo sijui mnatafuta nini.

Nimeusoma ule mjadala wa juzi kuhusu besi za fretless. Mmoja wenu akaandika kwamba hizo ni za watu wa jazz na watu wa kujionyesha, kazi nyingine hazina. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

Mimi ninayo moja tangu miaka ya tisini. Sikuinunua hivyo, wala sikuitaka hivyo. Na haya ninayoyaandika nilikuwepo mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Chumvi nimeiacha jikoni.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Kwa wageni wa jukwaa hili: fret ni vile vyuma vyembamba vinavyolala kwa upana kwenye shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi, chuma ndicho kinachoikata sauti mahali pake. Kidole kikikosea kidogo, chuma kinakusitiri. Fretless ni besi isiyo navyo kabisa. Besi yenyewe kwangu ndiyo mama wa bendi, lakini hilo tusibishane leo.

Basi.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mtaita wa Voi, nimepanga chumba Tononoka, kutwa napiga mihuri kwenye makaratasi. Ofisini waliniita "wewe wa mafaili". Lakini ikifika Jumamosi nilikuwa Mwadime wa besi. Nilipigia bendi moja ya dansi iliyokuwa na klabu yake upande wa Makupa, na watu wakinikuta barabarani walinisalimu kwa jina.

Nisiwafiche, wakuu. Kile kitu nilikipenda kuliko mshahara. Bila besi nilikuwa mhuri tu wenye miguu.

Gitaa nililinunua kwa baharia mmoja aliyekuwa anaondoka. Mwili wake mzuri, sauti nene, lakini hewa ya chumvi ilikuwa imelila. Fret zimeota ukijani, na nne kati yake zimenyanyuka pembeni, zinachana vidole kama wembe. Nilikuwa napiga dansi huku nimefunga plasta vidole viwili.

Siku hizo fundi wa magitaa ya umeme Mombasa ulikuwa humpati hivi hivi. Nikaambiwa, nenda Mji wa Kale, kuna Fundi Awadhi, anatengeneza udi na fidla, mbao yoyote yenye nyuzi anaiweza.

Nikaenda saa ya chakula cha mchana. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wazi, mwenyewe amekaa kwenye mkeka, vigingi vya udi vimemzunguka. Mtu mfupi, mkali, kofia yake ya vito imejaa vumbi la msasa.

Sasa nyinyi wa Mombasa mnajua. Huingii kwa mtu ukaanza na shida yako. Nikaulizwa hali, nikaulizwa wa nyumbani, nikaulizwa kama Voi kumenyesha, nikapewa kahawa. Nikamaliza kikombe, nikaongezwa. Na mimi nimeitazama saa, ofisini nimeshachelewa! Kwa hiyo zamu yangu ya kusema ilipofika nikasema mbio mbio, huku kidole nakipitisha juu ya shingo ya gitaa:

"Fundi, hivi vyuma vinanisumbua. Nitolee, uniwekee sawa."

Hebu isomeni tena hiyo sentensi. Kichwani kwangu vilikuwa vinne. Mdomoni havikutoka vinne.

Fundi akalipokea, akalipapasa shingo, akasema, "Hapana taabu. Ndoo Jumatano."

Jumatano nikaenda. Besi imening'inia ukutani, inang'aa. Nikafurahi. Nikasogea. Shingo nyeusi tii, laini kama sahani. Hakuna fret hata moja! Ameng'oa zote, amejaza ile mifereji kwa vipande vya mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi, mkono ukipita hujui palipokuwa na chuma.

Nikaligeuza gitaa nyuma, nikaligeuza tena mbele.

"Fundi, vyuma viko wapi?"

"Nimevitoa."

"Vyote?"

"Si wewe ulosema vyakusumbua?"

"Vinne, Fundi! Vinne tu ndivyo vilivyokuwa vikisumbua!"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimevipapasa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyasumbua. Sasa hapana kitakachokusumbua."

Akanipa vyuma vyangu kwenye kipande cha gazeti, vimepindapinda. Niliondoka bila kuaga. Kwa Mji wa Kale, kuondoka bila kuaga ni kubaya kuliko kumtupia mtu kiatu, lakini siku hiyo sikujali.

Jumamosi ilikuwa inakuja, na gitaa jingine sina. Nikaenda nalo mazoezini hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba vidole vyangu vinajua njia.

Havikujua chochote.

Tulianza rumba, moja niliyokuwa naipiga usingizini. Nota ya kwanza nikaikuta, ya pili nikaipita, ya tatu ikawa ya wimbo mwingine kabisa. Mpiga solo akaanza kucheka mpaka akaacha kupiga. Kiongozi wetu, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi reli, tukimwita Kapteni, akainua mkono tukanyamaza.

"Mwadime," akasema, "gitaa lako limelewa."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikajaribu tena. Likalewa zaidi.

Kapteni hakuwa mtu mbaya. Alinivuta pembeni akaniambia polepole kwamba wateja wakitoka sakafuni hawarudi, na kwamba kuna kijana mwingine ana besi nzima. "Ukipata gitaa lenye meno, tuonane." Ndivyo nilivyotolewa. Nilitembea kutoka Makupa mpaka Tononoka na gitaa langu la kipara mgongoni, na wakuu, nilikuwa na uchungu wa kweli. Jumatatu ningekuwa wa mafaili, na Jumamosi pia wa mafaili.

Nikarudi kwa Fundi Awadhi nimefura. Safari hii salamu nilizikata, nikamwambia avirudishe vyuma mahali pake, leo hii.

"Gundi imeshashika," akasema. "Nikichokora tena, shingo itapasuka. Wataka ipasuke?"

Nikakaa kwenye mkeka nimeshika kichwa. Yeye akanyanyuka, akatoa fidla kwenye sanduku, akaivuta mara moja, sauti ndefu.

"Hii ina vyuma?"

"Haina."

"Udi una vyuma?"

"Hauna."

"Basi gitaa lako limekuwa Muislamu. Nitafutie sauti hii."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoka. Gitaa la umeme bila amp, kipaza sauti chake, halisikiki, kwa hiyo akaniambia niegemeze taya kwenye mbao. Kweli, ukiweka taya, sauti inaingia kichwani yote. Nikaitafuta ile sauti. Nikapita, nikarudi nyuma kidogo, nikaipata. Akavuta nyingine, nikaipata. Akavuta ya tatu, nikaenda mahali pake pa kawaida, akatikisa kichwa. Nikasogea. Akatikisa. Nikasogea unywele mmoja, na hapo gitaa na fidla zikashikana, zikawa sauti moja.

Pale kidole changu kilipokuwa, kwenye besi yoyote yenye fret hapafikiki.

Kwa msiojua: kuna sauti katika taarab ambazo kinanda hakina pa kuziweka. Ziko kati ya kitufe cheupe na cheusi. Koo la mwanadamu linazifikia, udi unazifikia, fidla inazifikia. Besi za kawaida zikija, zinagombana nazo wimbo mzima.

Ndipo Fundi akaniambia kwamba yeye ndiye mpiga fidla wa kikundi kimoja cha taarab hapo hapo Mji wa Kale, na kwamba muda mrefu hawana besi.

Nikamtazama. Akatazama pembeni.

Wakuu, mpaka leo sijui. Alikosea au aliniona naingia na besi akanitengeneza kabisa? Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara ananiongezea kahawa.

(Samahani, nilikatwa na simu ya kazini. Tuendelee.)

Mwimbaji na mwenye kauli katika kikundi alikuwa Bi Mwanakombo. Mama wa makamo, sauti nzito kidogo, buibui lake na pete za fedha. Akiingia chumbani hata waliokaa vizuri wanakaa vizuri zaidi. Mpiga kinanda alikuwa Hamadi, kijana mpole, na besi alikuwa anaipiga yeye huyo huyo kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi nilipotoka kazini nikaenda kwenye mazoezi yao, juu ya duka moja. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikatia na mbwembwe za klabu, vidole vinakimbia huku na huku. Bi Mwanakombo akasimamisha wimbo.

"Awadhi, huyu umemtoa wapi?"

"Mtaita, Bi. Kijana mzuri."

"Uzuri simkatalii. Lakini ana kidole cha hoteli. Mimi naimba, yeye yuwauza soda."

Hamadi akainamisha kichwa kwenye kinanda, mabega yanatikisika.

Fundi Awadhi akaniombea. Akasema kuna sherehe ya hina ya wiki mbili mbele, tumjaribu huko, asipofaa basi. Bi akafikiri, akanielekea mimi.

"Sikiza, mwanangu. Mkono wa kushoto wa Hamadi hauniombi nauli na haunipigii kelele. Ukiushinda, utakaa. Usipoushinda, tutakuaga kwa heshima."

Wakuu, mnaona nilipofikia? Nimeshafukuzwa na dansi, na sasa napigania nafasi na mkono wa kushoto wa mtu mwingine.

Wiki mbili hizo nilifanya mazoezi kama mwendawazimu. Kaseti nilikuwa nazo, lakini mwalimu wangu hasa alikuwa jirani yangu Mama Faiza. Yule mama alikuwa akimwita binti yake kutoka dirishani, "Faizaaa!", na sauti inaanzia chini, inapanda, inatetemeka juu, halafu inateremka polepole pale kwenye "a" ya mwisho. Hakuna fret inayoweza kulitaja jina hilo. Nikawa nikimsikia namfuata na besi, taya kwenye mbao. Siku moja nikajisahau, amp iko wazi.

"Faizaaa!"

Besi ikajibu, neno kwa neno.

Kisha nikasikia kandambili zinapanda ngazi.

"Ewe Mwadime! Wanigeza?"

"Hapana, mama. Najifunza."

"Wajifunza kuniigiza mimi? Mimi ngoma?"

Nikamweleza. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Hebu nigeze tena nisikie." Nikampigia. Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akanikosoa! Akasema mwisho nauwahisha, yeye humngoja mtoto kidogo kabla ya kumalizia. Nilirekebisha. Na kwa kweli hicho ndicho kilichokuwa kinanikosesha, nilikuwa sijui kungoja.

Siku ya sherehe ikafika. Nyumba moja kubwa ya Mji wa Kale, baada ya alasiri, wanawake wamejaa uani, harufu ya asumini na halua, bibi harusi anatiwa hina. Sisi wanaume wapigaji tuliwekwa upande wa pili, nyuma ya pazia zito. Bi Mwanakombo alikuwa kwao, mbele ya pazia, na maikrofoni yake.

Yaani simuoni. Sioni mdomo wake wala mkono wake. Ninachoona ni ncha ya pazia na miguu ya wanawake waliotiwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, inayopita chini yake. Mpiga besi wa dansi hutazama miguu ya mpiga ngoma, humtazama kiongozi. Hapa nimebaki na masikio tu.

Nyimbo za kwanza zilikwenda salama. Nilipiga kidogo, nikangoja, nikapiga kidogo. Hamadi naye alikuwa bado anaugusa ule upande wa kushoto, kwa tahadhari, na simlaumu. Vigelegele vikawa vinapigwa, lakini vya kawaida, vya adabu.

Halafu ukaja wimbo wa taratibu, wa mama anayemuaga bintiye. Katikati ya wimbo, joto la mle ndani likamfanyia Fundi Awadhi ubaya: kigingi cha fidla kikateleza, uzi ukalegea. Akashusha fidla akaanza kukaza, jasho linamtiririka.

Na wakati huo huo Bi Mwanakombo akaamua kuuacha wimbo ulivyo na kwenda zake. Waimbaji wazuri wa taarab hufanya hivyo, huchukua ubeti mmoja wakaurefusha wanavyojisikia. Akashuka chini, akaingia kwenye zile sauti za katikati. Hamadi akabonyeza kitufe, kikalia kama mlango unaogombana na bawaba. Akabonyeza cha pili, kikawa kibaya zaidi. Uani nikasikia wanawake wameguna.

Hamadi akanyanyua mikono yote miwili. Akanitazama, akaninong'oneza, "Mfuate wewe."

Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa utasikika kwenye amp.

Nikaweka kidole kimoja. Sikutafuta mbwembwe, sikukimbia. Nikakiteleza chini polepole, nikamsikia alipo, nikasogea unywele, nikafika. Nikatulia hapo. Sauti yake ikaja ikakaa juu ya besi. Akapanda, nikapanda naye. Akatetemesha, nikatetemesha kidole. Mwishoni nikataka kumaliza, nikajizuia, nikamngoja. Naye akangoja. Uani wote wakangoja. Kisha akalimalizia neno, na mimi naye, pamoja.

Mnajua vile vigelegele vya kuonyesha adabu na vile vinavyomtoka mtu bila kutaka? Hivi vilikuwa vya pili. Bibi mmoja akapaza sauti, "Lo! Rudia, Mwanakombo, rudia, mimi nimeoza mabinti watatu!" Bi akarudia ule ubeti. Akarudia tena. Kila akirudia anakwenda njia nyingine, makusudi, ananijaribu, nami niko nyuma yake. Chini ya pazia nikaona miguu imepanga mstari, wanakwenda kumtunza, na nikasikia wakisema mama wa bibi harusi analia waziwazi. Kusema kweli na mimi macho yalilowa. Fundi Awadhi alikuwa ameshamaliza kukaza fidla zamani, ameiweka pajani, anasikiliza.

Wimbo ulipokwisha, pazia likafunuka kidogo pembeni. Uso wa Bi Mwanakombo ukatokea, jasho, wanja umechuruzika.

"We Mtaita."

"Naam, Bi."

"Jumamosi zako umeziahidi wapi?"

"Sijaziahidi popote, Bi."

"Basi usiahidi."

Akalishusha pazia, akarudi kwa watu wake.

Sikuahidi, wakuu. Miaka na miaka. Nilikwenda harusi nyingi kuliko kadhi.

Na sasa nije kwa yule aliyesema kipara hakina kazi. Kapteni alinisikia baadaye kwenye sherehe moja ya nje, akanitafuta mwenyewe, akaniomba nimpigie Ijumaa. Kwenye rumba ya polepole besi hii inaimba, wacheza dansi hawajui kwa nini wanakumbatiana zaidi. Kwenye ngoma ya chakacha ukiipiga kwa kiganja inadunda kama ngoma ya ngozi. Kanisani kwetu nilipoipeleka, kiongozi wa kwaya aliikagua shingo, akauliza kama ni ya kukodi imeharibika. Tulipomaliza nyimbo za msibani siku ya maziko ya mzee mmoja wa kanisa, kiongozi huyo alikuja kunishika mkono. Gitaa ni hilo hilo. Kinachobadilika ni unamsikiliza nani.

Mapungufu yapo, sitawadanganya. Ukiwa na mafua usiiguse. Kwenye sehemu zenye kelele hujisikii, utaaibika. Na ukiwa mtu wa kupiga haraka haraka ili watu wakuone, hiyo si ya kwako.

Nilichojifunza mimi ni hiki: nilidhani vyuma ndivyo vilivyonifanya mpiga besi, kumbe vilikuwa vinanisaidia nisisikilize. Nilipoondolewa sikuwa na ujanja tena. Ilibidi nimsikie mwenzangu, na nimngoje. Hata nyumbani imenisaidia, muulizeni mke wangu, au bora msimuulize.

Haya, yangu yameisha. Anayepinga apinge kwa hoja, mwenye fretless yake atuwekee picha, na aliyewahi kupiga taarab kwa besi yenye fret bila kugombana na fidla aje anifundishe alifanyaje. Na anayetaka kuuliza zile sauti za katikati zinapatikana wapi kwenye shingo, aulize tu, ila nitamwambia ukweli: hata mimi mahali pake sipajui mpaka mtu aanze kuimba.